Stenti ikishindwa kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu picha za ndani ya mishipa ya moyo

Fomu ya ridhaa tunayowapa wagonjwa hapa Kampala imeandikwa kwa Kiingereza, na daktari akishaifafanua kwa Luganda huona ameeleweka. Lakini haupiti muda mrefu kabla sijaketi kwenye benchi nje ya maabara ya katheta, yaani chumba cha kuingizia mirija myembamba hadi kwenye moyo, na mtu aliyetoka Busia, Arua, Bombo au Kasese, ananivuta mkono na kuniuliza kwa Kiswahili: “Sista, wanasema stenti ya mzee imeziba. Sasa eti wanataka kuingiza kamera kwenye moyo. Kamera ya nini tena?” Mimi ni muuguzi wa maabara hiyo. Nimeyaandika hapa maswali ninayoulizwa zaidi na majibu ninayoyatoa nikipata nafasi ya kukaa na familia bila haraka.

Stenti ni nini hasa?

Ni kijibomba cha wavu wa chuma chenye urefu wa kati ya milimita 8 na 48. Kinaingizwa kwenye mshipa wa moyo kikiwa kimekunjwa juu ya puto dogo. Puto linajazwa, wavu unatanuka, puto linatolewa, wavu unabaki umeushikilia ukuta wa mshipa ili damu ipite. Binadamu wa kwanza waliwekewa mwaka 1986, huko Toulouse Ufaransa na Lausanne Uswisi. Stenti za siku hizi zimepakwa dawa inayozuia nyama isiote kupita kiasi ndani ya wavu.

Wakisema “stenti imeshindwa” wana maana gani?

Kuna mambo mawili yanayotajwa kwa neno hilo moja, na ni vizuri uulize ni lipi.

La kwanza ni njia kusinyaa tena polepole. Mgonjwa anaona zile dalili za zamani zinarudi kidogo kidogo: kifua kubana akipanda mlima, pumzi kukata akibeba ndoo, uchovu asioweza kuueleza. Hili mara nyingi huchukua miezi au miaka.

La pili ni damu kuganda ndani ya stenti. Hilo halina polepole. Mtu anaweza kuwa mzima asubuhi na saa sita ana shambulio la moyo. Madaktari hulipanga kwa muda: ndani ya siku 30 za mwanzo, kati ya siku 30 na mwaka mmoja, na baada ya mwaka. Chanzo hutofautiana kulingana na muda huo, ndiyo maana daktari atakuuliza tarehe ya stenti kabla hajakuuliza kitu kingine chochote.

Nimeshafanyiwa angiogramu na nimeonyeshwa mahali palipoziba. Kwa nini picha nyingine?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, mara nyingi kwa hasira, kwa sababu pesa zimekwisha na mgonjwa amechoka. Naomba ulisome jibu lake polepole.

Angiogramu inapiga picha ya dawa ya rangi, haipigi picha ya mshipa. Tunaingiza rangi, inajaza njia ya damu, eksirei inapita, na tunachokiona kwenye skrini ni umbo la ile rangi. Ukuta wenyewe hauonekani. Nyaya za stenti za kisasa ni nyembamba karibu kama unywele, kwa hiyo nazo huonekana kwa shida au hazionekani kabisa. Basi tunajua kwamba njia imebana hapa. Kwa nini imebana, angiogramu haisemi.

Nitakueleza kwa mfano wa nyumbani kwetu. Mama yangu mkubwa anauza nguo za mitumba Busia, upande wetu wa mpaka. Aliwekewa stenti nje ya nchi, akarudi akiwa na afya njema, tukachinja mbuzi. Baada ya miezi minane nikaambiwa na majirani zake wa sokoni kwamba siku hizi anasimama katikati ya njia akijifanya anapanga nguo begani, kumbe anasubiri maumivu ya kifua yapite. Tukamleta Kampala. Angiogramu ikaonyesha stenti imebana katikati. Pale mezani mpango wa kwanza ulikuwa kumwekea stenti nyingine ndani ya ile. Daktari mmoja akasema tusubiri, tupige picha ya ndani kwanza.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kioo. Kwenye skrini mshipa ulitokea kama duara la kijivu, na nyaya za stenti kama nukta nyeupe zilizojipanga kuzunguka duara. Juu na chini ya stenti zilikaa sawasawa. Tulipofika katikati, nukta zikajikusanya, duara likawa kama yai lililokaliwa, na nyuma yake kukatokea tao jeupe linalong'aa lenye giza nyuma. Ile ilikuwa chokaa (kalisi) iliyojijenga ukutani mwa mshipa, ngumu kama jiwe. Haikuwa nyama iliyoota wala donge la damu. Stenti ile haikuwahi kufunguka mahali hapo tangu siku ilipowekwa.

Kama tungeweka stenti ya pili, nayo ingekandamizwa na chokaa ileile, na mama angebaki na chuma tabaka mbili katika njia iliyo nyembamba zaidi. Badala yake lilitumika puto gumu lenye presha kubwa, likajazwa mara tatu, picha ikarudiwa, na zile nukta zikakaa duara. Hakuwekewa stenti mpya.

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni huu, na ninausema kwa mgonjwa yeyote: asikubali stenti ya pili juu ya iliyoshindwa kabla hajauliza ya kwanza imeshindwa kwa sababu gani.

Milimita moja pungufu inaleta tofauti gani?

Kubwa kuliko unavyodhani. Stenti yenye upana wa milimita 3 ikifunguka kikamilifu inatoa uwazi wa milimita za mraba karibu 7. Ikikwama kwenye milimita 2, uwazi unakuwa karibu 3 tu. Upana umepungua kwa theluthi, lakini nafasi ya damu kupita imepungua kwa zaidi ya nusu. Kwa macho, kwenye angiogramu, tofauti hiyo inaweza kujificha kabisa kutegemea pembe ambayo picha imepigwa.

Ndiyo maana waliopiga picha ya ndani hupima, hawakadirii. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba stenti ifikie angalau asilimia 80 ya ukubwa wa sehemu ya mshipa yenye afya iliyo jirani nayo. Kwa picha ya mawimbi ya sauti, uwazi mdogo kabisa ndani ya stenti hutakiwa uzidi milimita za mraba 5.5, na kwa picha ya mwanga 4.5; aina hizi mbili nazieleza katika swali linalofuata. Mishipa midogo ina hesabu yake.

Hiyo “kamera” ni kamera kweli?

Hapana, ingawa nasi wenyewe tumezoea kuiita hivyo. Ni katheta nyembamba, unene wake karibu milimita 1, inayotelezeshwa juu ya waya hadi ndani ya mshipa wa moyo kisha inavutwa nyuma pole pole huku ikisoma ukuta pande zote. Ziko aina mbili.

Moja hutumia mawimbi ya sauti. Ni ndugu ya ultrasaundi anayopigwa mama mjamzito, ila hapa kifaa kimeingia ndani ya mshipa. Kwenye ripoti utaona herufi IVUS. Inaona mbali, milimita kadhaa ndani ya ukuta, na haihitaji kuondoa damu njiani.

Nyingine hutumia mwanga ambao jicho la mtu haliuoni. Herufi zake ni OCT. Hii inaona vitu vidogo mno, vya kati ya mikromita 10 na 20, wakati ile ya sauti haipati kitu kilicho chini ya mikromita 100 hivi. Inaweza kukuonyesha waya mmoja mmoja wa stenti na kama umefunikwa na utando au bado uko uchi. Lakini mwanga haupiti kwenye damu. Lazima damu isukumwe pembeni kwa dawa ya rangi kwa sekunde chache, na katika sekunde hizo mashine inavuta na kumaliza. Mwanga huo pia hauendi ndani ya ukuta zaidi ya milimita 1 au 2.

Ipi ni bora?

Iliyopo, mikononi mwa mtu anayejua kuisoma.

Kama zote mbili zipo, kwa stenti iliyoshindwa napenda nione ile ya mwanga, kwa kuwa inatofautisha vizuri nyama, mafuta, donge la damu na waya uliojitenga na ukuta. Lakini mgonjwa mwenye figo dhaifu, na hapa Uganda tunao wengi kwa sababu ya presha na kisukari visivyotibiwa mapema, humfaa zaidi ile ya sauti kwa kuwa haiongezi dawa ya rangi. Vilevile kwa mshipa mkubwa wa kushoto pale unapoanzia kwenye mlango wake, rangi hushindwa kuondoa damu vizuri, na mwanga hauoni.

Ndani ya stenti iliyoshindwa mnakuta nini?

Mambo mengi, na mara nyingi zaidi ya moja kwa mgonjwa mmoja.

Kufunguka nusunusu nimeshakueleza. Jambo lingine ni nyama kuota: mwili unajaribu kuponya jeraha la ukuta na unazidisha, kama kovu linalovimba. Kwenye picha ya mwanga nyama hii huonekana laini, ya rangi moja, imetandazika ndani ya nukta za nyaya. Stenti za zamani zisizopakwa dawa ziliteswa sana na hili.

Kuna mafuta mapya. Watu hushtuka nikiwaambia kwamba mshipa ulio ndani ya stenti unaweza kuugua upya. Baada ya miaka kadhaa kolesteroli hujenga tabaka juu ya ile nyama, na tabaka hilo linaweza kupasuka kama lile la mwanzo na kuita donge la damu. Mtu anayeacha dawa za kolesteroli kwa sababu “stenti imeshanitibu” ndiye ninayemwazia hapa.

Kuna nyaya zisizogusa ukuta. Stenti imekaa ndani ya mshipa kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake, damu inazunguka nyuma ya nyaya. Nyingine hupona zenyewe, lakini nafasi ikiwa kubwa na ndefu ni mahali ambapo damu inaweza kuganda.

Kuna ukuta uliochanika ukingoni mwa stenti, stenti iliyovunjika kwenye kona ya mshipa unaojikunja kila moyo unapopiga, na stenti iliyowekwa fupi ikaacha ugonjwa pembeni bila kufunikwa. Na kuna nyaya ambazo miezi imepita hazijavikwa utando wowote, jambo la hatari hasa kwa mgonjwa aliyeacha mapema vidonge vya kuzuia damu kuganda.

Nitalazwa usingizi? Inauma?

Hulazwi usingizi. Mara nyingi tunaingilia kwenye kifundo cha mkono, wakati mwingine kwenye kinena, na unachomwa sindano ya ganzi mahali hapo tu. Utakuwa macho, utatusikia tukizungumza. Katheta ikiwa ndani ya mishipa ya moyo hutaihisi, mishipa haina hisia hiyo. Rangi ikisukumwa unaweza kusikia joto likikupanda kifuani na usoni; linapita haraka. Daktari akisema usijisogeze, usijisogeze, maana sekunde zile chache ndizo tunazozihitaji.

Picha inapigwa katika kikao kilekile cha angiogramu na matibabu. Inaongeza dakika, haiongezi siku ya kulazwa.

Kuna hatari?

Zipo, ni chache. Mshipa unaweza kujikaza, ndiyo maana unapewa dawa ya kuulegeza kabla. Mapigo yanaweza kuyumba kwa muda mfupi. Mara chache sana katheta inaweza kukwaruza au kuchana ukuta. Rangi ya ziada huelemea figo. Mwambie daktari kabla hujaingia kama una ugonjwa wa figo, kama unatumia metformini kwa kisukari, au kama ulishawahi kuwashwa na kuvimba baada ya sindano ya rangi ya CT, ile mashine ya eksirei inayopiga picha za mwili vipande vipande.

Je, kuna ushahidi kwamba inasaidia, au ni njia ya kuongeza bili?

Naelewa kwa nini unauliza, na una haki.

Ushahidi wenye nguvu zaidi uko kwenye kutumia picha wakati stenti inawekwa, ili isishindwe baadaye. Nchini China, utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulifuatilia wagonjwa 1,448. Ndani ya mwaka mmoja, matatizo kwenye mshipa uliotibiwa yaliwapata asilimia 2.9 ya waliopigwa picha ya mawimbi ya sauti, na asilimia 5.4 ya waliotibiwa kwa angiogramu peke yake. Korea Kusini nao, mwaka 2023, walitoa matokeo ya wagonjwa 1,639 wenye mishipa migumu kutibika: asilimia 7.7 kwa waliopigwa picha, 12.3 kwa wasiopigwa, baada ya takribani miaka miwili. Kutokana na tafiti za namna hii, mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2024 uliipa picha ya ndani daraja la juu kabisa la kupendekezwa kwa mishipa yenye ugumu: mshipa mkuu wa kushoto, njia panda ambapo mshipa unagawanyika, na maeneo marefu yaliyoziba.

Kwa stenti ambayo tayari imeshindwa, miongozo ya Ulaya ya 2018 na ya Marekani ya 2021 inasema ni jambo la busara kupiga picha ili kujua chanzo. Daraja lake liko chini kidogo, kwa sababu ni vigumu kuwagawa wagonjwa wa aina hiyo kwa bahati nasibu, nani atazamwe na nani asitazamwe. Kwa mantiki ya kazi yenyewe, mimi naona hapa ndipo picha inapohitajika zaidi. Fundi hafungi tairi jipya juu ya ekseli iliyopinda.

Mbona mara ya kwanza hawakunipiga picha hiyo?

Pengine ulifika na shambulio la moyo saa nane za usiku na kilichotakiwa ni kufungua mshipa upesi. Pengine hospitali haikuwa na mashine. Pengine ilikuwepo na katheta zimekwisha, kwa sababu katheta ya kupigia picha ni ya kutumiwa mara moja na inaagizwa kutoka nje, na mgonjwa ndiye anayeilipia. Uganda haijawa na bima ya afya ya taifa, kwa hiyo gharama hiyo inaangukia familia: ng'ombe, kiwanja, mkopo wa SACCO.

Sitaki umchukie daktari wako kwa hilo. Nataka tu uulize safari hii.

Hapa Uganda naanzia wapi?

Taasisi ya Moyo ya Uganda iko ndani ya eneo la Hospitali ya Mulago, Kampala. Ilianza mwaka 1988, ikapata maabara yake ya katheta 2012, na Bunge likaipa sheria yake 2016. Kwa mgonjwa wa serikali, njia ya kawaida ni barua ya rufaa kutoka hospitali ya mkoa. Zipo pia hospitali binafsi, na wengine huvuka kwenda Nairobi, au Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, au India.

Kabla hujapanda basi la usiku kutoka Arua, piga simu mahali unapokwenda na uulize hivi: Mnapiga picha ya ndani ya mshipa, IVUS au OCT? Katheta yake ipo stoo leo, au naagiziwa? Bei mliyonitajia ya angiogramu inaijumlisha, au ni juu yake? Puto gumu la presha kubwa na puto lenye dawa mnayo? Jibu la swali la mwisho ni muhimu kama la kwanza, kwa sababu kugundua chanzo bila kuwa na zana ya kukitibu kutakurudisha barabarani.

Mkishajua chanzo, mnafanya nini?

Matibabu yanafuata picha. Stenti ambayo haikufunguka inatanuliwa kwa puto gumu. Chokaa ikikataa, yapo maputo yenye makali na yapo yanayotoa mawimbi ya mshindo yanayopasua chokaa bila kuuchana mshipa, teknolojia iliyozaliwa kutokana na ile ya kuvunja mawe ya figo. Nyama iliyoota hutibiwa kwa puto lililopakwa dawa, ambalo linaacha dawa ukutani bila kuacha chuma, au kwa stenti mpya yenye dawa. Marekani iliidhinisha puto la namna hiyo kwa mishipa ya moyo mwaka 2024. Ulaya walikuwa wakilitumia miaka mingi kabla. Stenti iliyovunjika au ukingo uliochanika mara nyingi huhitaji stenti mpya ya kufunika. Donge la damu hutibiwa kama dharura, na baada ya hapo picha hutafuta kilicholiita.

Ikiwa tabaka mbili za stenti zimeshawekwa na mahali hapo pameziba tena, hasa kwa mwenye kisukari na mishipa kadhaa iliyougua, uliza kuhusu upasuaji wa kupandikiza mshipa mwingine ili damu ipite pembeni ya palipoziba (bypass). Si aibu kwa daktari kukutuma kwa mpasuaji.

Baada ya matibabu picha inarudiwa. Usisahau kuuliza kama ilirudiwa.

Stenti mbovu haiwezi kutolewa tu?

Hapana. Ukuta wa mshipa umeshaikumbatia.

CT ya moyo haitoshi? Hakuna kuchomwa.

Kwa stenti kubwa inaweza kusaidia. Kwa stenti yenye upana chini ya milimita 3, chuma hung'aa mno kwenye CT na kuficha kilicho ndani.

Nina stenti na sijisikii vibaya. Nije nipigwe picha kuhakikisha?

Usije kwa hilo. Ni kipimo cha kuingia ndani ya mwili, hakifanywi kwa kutuliza wasiwasi. Njoo kliniki upimwe presha, sukari na kolesteroli, na unywe dawa zako.

Je, ni mimi niliyeiharibu kwa chakula au kwa kuruka dawa?

Mama mkubwa alijilaumu miezi yote ile kwa sababu ya muchomo wa sikukuu. Picha ilipoonyesha chokaa nilimwita chumbani nikamwonyesha, na akalia. Mara nyingi chanzo kiko kwenye chuma na ukuta, mgonjwa hana lawama.

Lakini dawa nazo zina sehemu yake, na hapa nitasema wazi. Aspirini na klopidogreli, au dawa nyingine ya jamii yake, ndizo zinazozuia damu isigande kwenye nyaya. Kwa kawaida hutumiwa pamoja kwa miezi 6 kwa mwenye ugonjwa uliotulia na miezi 12 kwa aliyepata shambulio, ila daktari wako anaweza kufupisha au kurefusha. Kuziacha zote mbili kwa pamoja wiki za mwanzo ni hatari kubwa. Ukienda kung'oa jino, au ukiandikiwa upasuaji mwingine, mwambie daktari wa huko una stenti na usikubali kuzisimamisha bila daktari wa moyo kujua.

Yako mambo matatu ninayokutana nayo sana. Omeprazoli: watu wananunua duka la dawa kwa ajili ya vidonda vya tumbo bila kuuliza, na inapunguza nguvu ya klopidogreli. Omba pantoprazoli. Diklofenaki na ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo na magoti: zinaongeza hatari ya kutokwa damu na ya moyo pia. Na ARV: zile zenye ritonaviri hugombana na klopidogreli, tikagreloli na simvastatini. Mseto wenye dolutegraviri wanaopewa wengi siku hizi hauna ugomvi huo. Usimfiche daktari wa moyo kwamba unatumia ARV. Tumezoea, na hatumwambii mtu.

Ramadhani nifanyeje na vidonge?

Klopidogreli na aspirini ni mara moja kwa siku, zinaweza kunywewa futari au daku. Tikagreloli ni mara mbili, panga na daktari kabla mwezi haujaandama. Kama stenti ni mpya, zungumza na daktari na imamu wako kuhusu kuahirisha kufunga.

Dalili gani nisisubiri nazo hadi asubuhi?

Kifua kubana au kuelemewa kwa zaidi ya dakika chache ukiwa umepumzika, maumivu yanayokwenda taya au mkono, jasho la baridi, kuzimia, pumzi kukata ghafla. Wanawake na wenye kisukari wanaweza kupata kichefuchefu na udhaifu bila maumivu makali. Nenda hospitali yenye ECG, mashine ya kupima umeme wa moyo, hata usiku, na neno la kwanza mlangoni liwe “nina stenti”. Usiendeshe gari mwenyewe, na usipande boda boda peke yako.

Nikitoka hospitali nidai karatasi gani?

Kadi ya stenti, yenye aina, ukubwa, tarehe na mshipa ilipowekwa. CD ya angiogramu na ya picha ya ndani, maana ripoti ya maandishi haitoshi. Daktari wa pili anataka kuona mwenyewe. Kama ulitibiwa nje ya nchi, dai kabla hujapanda ndege, kwa sababu kuzifuatilia kwa simu kutoka Busia kulituchukua wiki tano. Ipige kadi picha kwa simu, umtumie mtoto wako mmoja na jirani mmoja. Ya mama mkubwa iko kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya pochi anayofungia pesa za mauzo kiunoni, na wanawake wawili wa vibanda vya jirani wanajua ilipo.